Mjumbe Hauawi: Nilivyounganisha Laptopu na Injini ya Gari

Kwanza niwaombe radhi kwa kimya changu. Nilikuwa nimeahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, lakini majuma haya nimekuwa chini ya usukani wa gari, tochi mdomoni na kipakatalishi mapajani (haya, laptopu, kama sote tunavyoiita). Hifadhidata itangoja kidogo.

Leo nitawaeleza jinsi ya kuzungumza na kompyuta iliyo ndani ya injini ya gari. Si jambo gumu kama mafundi wa mjini wanavyotufanya tuamini. Lakini nitawaeleza pia jambo ambalo nimeona haya kulisema: kwamba niliitumia laptopu yangu kumdharau mtu aliyekuwa akisema kweli, na gharama yake akailipa mama yangu, akiwa ameketi juu ya jiwe kando ya barabara karibu na Kinungi.

Taa ya manjano

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2009, injini ya lita 1.5. Kama magari mengi ya hapa kwetu lilitumika Japani kwanza, kisha likaletwa Mombasa kwa meli kabla ya kutimiza ile miaka 8 ambayo sheria ya Kenya inaruhusu. Halijawahi kunisumbua. Kisha asubuhi moja taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Ile ya manjano, yenye picha ya injini. Gari lilikuwa likitembea vizuri tu, ila nikisimama kwenye foleni lilikuwa likitetemeka kidogo, kama mtu mwenye baridi.

Nikalipeleka kwa fundi wangu. Ni mzee wa makamo, amefanya kazi chini ya mti uleule tangu nikiwa shule ya msingi. Hakushika chombo chochote. Alifungua boneti, akainamisha kichwa, akasikiliza kama dakika mbili.

"Hii gari inavuta hewa mahali," akasema. "Niachie mpaka kesho nitafute."

"Utatafuta wapi?"

"Sijui. Ndiyo maana nikasema nitafute."

Nikamuuliza bei. Akasema tuhesabu kazi ya siku nzima, maana huenda akalazimika kufungua vitu ili afike nyuma ya injini. Mimi ni mtu wa programu, ndugu wasomaji. Mtu akiniambia "sijui iko wapi lakini nilipe siku nzima", kengele zinalia kichwani. Nikamwambia nitafikiria, nikaondoka. Njiani nikajisemea: gari hili lina kompyuta. Kompyuta inajua tatizo ni nini. Kwa nini nimlipe mtu abahatishe?

Tundu lililo chini ya usukani

Ukiinama upande wa dereva, chini ya usukani, utaona tundu la plastiki lenye umbo la kikombe kilichobinuka, na ndani yake nafasi za pini 16 katika safu mbili. Hilo ndilo tundu la OBD-II. Lilianzia Marekani. Jimbo la California ndilo lililoanza kuyalazimisha magari yajichunguze yenyewe mwaka 1988, kwa sababu ya moshi na hewa chafu mijini. Lakini kila kampuni ikaweka tundu lake na lugha yake. Ndipo kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani ikaagiza magari yote madogo yawe na tundu moja na misimbo ya aina moja. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Si pini zote 16 zinazotumika. Za kujua ni hizi:

Pini 16 ni umeme wa betri, upo muda wote hata ukizima gari.
Pini 4 na 5 ni za ardhi.
Pini 7 ni waya unaoitwa K-Line, unaotumika kwenye magari mengi ya zamani.
Pini 6 na 14 ni CAN, mfumo ambao Bosch waliuonyesha kwa ulimwengu mwaka 1986, na ndio unaotumika kwenye magari ya sasa.

Tofauti ya K-Line na CAN inafurahisha. K-Line husafirisha biti 10,400 kwa sekunde. Tena ukitaka kuanza mazungumzo kwa njia ya zamani, unabisha hodi kwa kasi ya biti 5 kwa sekunde. Naam, tano! Kutuma anwani moja tu kunachukua sekunde 2. CAN ya kawaida kwenye tundu hili ni biti 500,000 kwa sekunde, na hakuna kubisha hodi. Gari langu linatumia CAN.

Laptopu haiwezi kuchomekwa pale moja kwa moja. Unahitaji mkalimani katikati. Maarufu zaidi ni chipu iitwayo ELM327, iliyobuniwa na Elm Electronics ya Kanada. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwaka 2022, lakini nakala za chipu yake zimejaa kila mahali. Nilinunua adapta yangu ya USB kwenye duka moja mtaa wa Luthuli kwa shilingi 1,200. Ukiiuliza jina inajibu "ELM327 v1.5", na hapo unajua papo hapo kuwa ni nakala, kwa maana Elm hawakuwahi kutoa toleo la 1.5! Hata hivyo inafanya kazi za kawaida bila shida.

Mazungumzo ya kwanza

Natumia Linux. Nilipoichomeka ilijitokeza kama /dev/ttyUSB0. Nikafungua minicom, kasi 38400, nikawasha swichi ya gari, kisha injini. Haya ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza, mimi na gari langu baada ya miaka yote hiyo. Mistari yenye alama ya > ndiyo niliyoandika mimi:

>ATZ
ELM327 v1.5
>ATE0
OK
>ATSP0
OK
>0100
SEARCHING...
41 00 BE 1F A8 13
>010C
41 0C 0B 54
>0105
41 05 7B

Amri zinazoanza na AT ni za kuongea na adapta yenyewe. ATSP0 inaiambia ijitafutie lugha ya gari. Zinazobaki zinakwenda kwenye kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wanaiita ECU. Herufi mbili za kwanza ni aina ya ombi, na 01 maana yake "nipe hali ya sasa hivi". Zinazofuata ni jina la kitu unachotaka. 0C ni mizunguko ya injini, 05 ni joto la maji.

Jibu linaanza na 41, yaani 01 iliyoongezewa 40, ili ujue ni jibu la ombi lako. Kisha jina linarudiwa, halafu thamani yenyewe kwa namba za kihesabu cha 16. Kwa mizunguko, chukua baiti ya kwanza mara 256, jumlisha ya pili, gawanya kwa 4. 0B 54 ni 2,900. Gawanya kwa 4, unapata mizunguko 725 kwa dakika. Kwa joto, toa 40: 7B ni 123, kwa hiyo maji yalikuwa na nyuzi 83.

Sijui niwaelezeje furaha niliyoipata. Nilikanyaga mafuta kidogo, nikauliza tena, namba ikapanda. Nimeandika programu za benki, za maduka, za shule, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza programu inijibu kwa kunguruma.

Kisha nikauliza swali lililonipeleka pale. Ombi 03 maana yake "nipe misimbo ya hitilafu ulizohifadhi":

>03
43 01 01 71

Hitilafu moja: 0171, yaani P0171. Herufi P ni ya injini na gia. Maana yake kwa misimbo ya kawaida ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli.

Nilipokosea

Hapa inabidi nieleze kidogo kinachotendeka ndani, ndipo mwone kosa langu.

Injini ya petroli hupenda mchanganyiko wa hewa gramu 14.7 kwa kila gramu 1 ya petroli. Kompyuta ya injini hupima hewa inayoingia kwa sensa iliyo karibu na chujio, inapiga hesabu, kisha inafungua injekta kwa milisekunde chache ili petroli inayolingana iingie. Lakini haijiamini. Kwenye bomba la moshi kuna sensa ya oksijeni inayonusa matokeo. Ikikuta oksijeni imebaki nyingi, kompyuta inajua petroli ilikuwa kidogo, inaongeza. Ikikuta imekwisha, inapunguza. Wanaprogramu mtaitambua picha hii: ni kitanzi kinachopima, kinarekebisha, kinapima tena, bila kuchoka.

Marekebisho hayo yanahifadhiwa kwa namba mbili. Ya muda mfupi, 0106, inarukaruka kila wakati. Ya muda mrefu, 0107, ni kumbukumbu: kompyuta imejifunza kwamba gari hili siku hizi linahitaji nyongeza kiasi fulani, basi inaanzia hapo. Unaipata asilimia kwa kutoa 128 na kugawanya kwa 128. Gari zima liko karibu na sifuri, juu au chini kidogo.

Siku ile niliiuliza. Ikanijibu 41 07 A0. A0 ni 160. Toa 128, unabaki na 32, na hiyo ni asilimia 25. Kompyuta ilikuwa ikimwaga robo nzima ya petroli zaidi ya hesabu yake, ili tu injini isizime. Namba hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikaipita kama mtu anayepita bango barabarani.

Nilifikiria nini? Nilifikiria hivi: anayesema hewa ni nyingi ni sensa ya oksijeni. Gari lina umri mkubwa. Basi sensa imechoka, inasema uongo. Nikaenda Barabara ya Kirinyaga, nikanunua sensa kwa shilingi 6,500, nikaifunga mwenyewe Jumapili mchana huku majirani wakinitazama. Kisha nikaandika amri moja:

>04
44

Amri 04 inafuta misimbo. Taa ikazimika. Nikaendesha gari mpaka dukani na kurudi, taa haikuwaka. Jumatatu na Jumanne nilifanya kazi nyumbani, gari likakaa, taa haikuwaka.

Jumanne jioni nikampitia fundi chini ya mti wake. Sikuwa na shida naye, nilikwenda kujisifu tu. Nikamwonyesha laptopu. Nikamwambia, na watu wawili wengine wakisikia: "Mzee, mambo ya kusikiliza kwa sikio yamepitwa na wakati. Ningekuachia hii gari ungekula pesa yangu siku nzima ukitafuta hewa."

Hakujibu ukali. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akasema, "Sawa, kijana. Kama imepona, ni vizuri." Akarudi chini ya lori alilokuwa akitengeneza.

Kinungi

Mama anaishi Nakuru na ana kliniki Nairobi kila baada ya miezi mitatu. Nafasi ya daktari huyo ukiipoteza unangoja. Jumatano ndugu yangu mdogo alichukua gari langu akamfuate. Alhamisi alfajiri wakaondoka Nakuru.

Karibu na Gilgil taa ikawaka. Ndugu yangu aliiona. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu. Akaniambia, "Si ulisema hiyo umeshaimaliza? Nilidhani ni ya kupuuza."

Walipita Naivasha, wakaanza kupanda. Nyuma ya malori, mwendo wa kwenda na kusimama. Kila alipoondoa mguu kwenye mafuta gari lilitetemeka. Karibu na Kinungi likazimika. Akaliwasha, likazimika. Likawaka tena mguu ukiwa juu ya mafuta, ukiondoa tu, kimya. Huwezi kupanda mlima ule hivyo, kati ya malori, na mama mgonjwa kando yako.

Nikapigiwa simu saa mbili asubuhi. Nilichokifanya kwanza, msinicheke, ni kuwasha laptopu. Laptopu iko Nairobi, gari liko Kinungi. Nilikuwa naikodolea macho tu.

Kisha nikampigia fundi.

Hakuniuliza kitu kuhusu Jumanne. Aliniambia, "Nipe namba ya huyo kijana." Ndugu yangu ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Fundi alimwambia awashe gari, mtu mwingine akanyage mafuta kidogo, kisha aishike simu juu ya injini. Akasikiliza kupitia simu. "Inapiga mluzi," akasema. "Sogeza simu huku nyuma. Tena. Hapo. Ingiza mkono, lakini angalia usiungue. Kuna kapaipu ka mpira, kanene kama kidole. Kamepasuka?"

Kalikuwa kamepasuka, upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki.

"Tafuta blada ya baiskeli," fundi akasema. Kando ya barabara kulikuwa na mtu wa kuziba pancha. Wakakata ukanda wa blada, wakaufunga kwa nguvu kuzunguka mpasuko. Gari likawaka na kutulia. Wakafika Nairobi saa saba mchana. Daktari alikuwa ameshaondoka.

Mama hakunigombeza. Aliketi, akavua viatu, akaniuliza tu, "Wewe si ulisema umeitengeneza?"

Hilo swali nimekuwa nalo tangu siku ile.

Nilichofuta

Nilikuwa nimeitengeneza taa tu. Sasa niwaeleze amri ile ya 04 hufanya nini hasa, kwa sababu watu wengi wana adapta hizi kwenye simu zao na kitufe cha kufuta kiko pale kinawaita.

Kwanza, inafuta msimbo. Pili, inafuta picha ya hali ambayo kompyuta iliihifadhi wakati hitilafu ilipotokea: mizunguko, joto, mwendo, mzigo. Huo ni ushahidi, unaupata kwa ombi la 02, na mimi sikuusoma kabla ya kuuchoma. Tatu, inarudisha nyuma majaribio yote ambayo gari hujifanyia. Nne, kwenye magari mengi inafuta pia yale marekebisho iliyojifunza. Ile asilimia 25 iliyokuwa ikilisaidia injini kusimama ikarudi sifuri, ikabidi kompyuta ianze kujifunza upya.

Na kwa nini taa haikuwaka mara moja? Kwa sababu hitilafu ya aina hii huhitaji kuonekana katika safari mbili kabla taa haijawaka. Kompyuta haitaki kumtisha dereva kwa jambo la mara moja. Safari yangu ya dukani haikutosha kuthibitisha chochote. Nilichukua ukimya nikauita uponyaji.

Sisemi kwamba kufuta ndiko kulikopasua mpira. Mpira ule ulikuwa mkavu kwa joto na mafuta ya miaka mingi, ungepasuka tu. Lakini ndugu yangu angeondoka Nairobi taa ikiwa imewaka, na mtu hamtumi mama yake kwenye gari lenye taa imewaka. Nilifuta onyo, nikamkabidhi gari.

Na ile sensa ya zamani? Ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa ikisema ukweli kila sekunde: hewa ni nyingi. Wazee walisema mjumbe hauawi. Mimi nilimng'oa mjumbe kwa spana, nikamweka mwingine, naye akaleta habari ileile.

Kipimo cha pili

Jumamosi nilirudi chini ya ule mti. Nilienda na laptopu, lakini niliiacha ndani ya mfuko. Nikamwambia fundi, mbele ya wale wawili waliokuwepo Jumanne, kwamba nilikosea na kwamba maneno yangu yalikuwa ya mtu asiye na adabu. Akacheka. "Wewe leta hiyo mashine yako," akasema. "Nataka kuona inavyosema."

Basi tukafanya kipimo ambacho ningepaswa kukifanya tangu mwanzo. Nilikuwa nimeandika programu ndogo inayouliza 010C, 0106 na 0107 kila sekunde na kujumlisha marekebisho mawili.

Fundi alifungua ule ukanda wa blada, mpasuko ukawa wazi. Injini ikinguruma tu, mguu nje ya mafuta, jumla ilipanda polepole mpaka kupita asilimia 27. Kisha akakanyaga mafuta na kuishikilia kwenye mizunguko 2,500. Jumla ikashuka mpaka asilimia 8.

Fundi akaitazama skrini, akaniuliza kwa nini imeshuka. Nikaanza kueleza, kisha nikanyamaza, kwa sababu yeye alikuwa ameshafika. "Tundu ni lilelile," akasema. "Lakini ukikanyaga mafuta, hewa ya mlango mkubwa inakuwa nyingi, hii ya wizi haionekani tena."

Ndivyo hasa. Kipaipu kile hurudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi ya hewa. Injini ikiwa imetulia, manifoldi inavuta kwa nguvu, na hewa inayoingia kwenye mpasuko haikupita kwenye sensa ya hewa, kwa hiyo haikuhesabiwa. Ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inaongezeka na ile ya wizi inakuwa ndogo kando yake. Kama tatizo lingekuwa pampu dhaifu ya petroli, mambo yangekuwa kinyume: marekebisho yangepanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo. Kwa kipimo cha dakika tano, bila kufungua kitu, ningejua kwamba fundi alisema kweli. Namba zote nilikuwa nazo siku ya kwanza.

Kipaipu kipya kilikuwa shilingi 450. Baada ya siku tatu za kuendesha, 0107 ikajibu 83. Hiyo ni asilimia 2.3. Gari limetulia kama maji ya mtungini.

Fundi alikataa kulipwa siku nzima. "Tulimaliza kwa saa moja," akasema. Nililipa siku nzima hata hivyo.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Nisingependa mtu asome haya akadhani nawaambia mwache laptopu. La hasha. Nawaambia mjue inachosema. Haya ndiyo niliyojifunza:

1. Kusoma hakuna hatari kubwa. Soma na uandike kila kitu kwenye faili kabla ya kugusa chochote: 03, kisha picha ya 02, kisha 0106 na 0107, injini ikiwa imetulia na ikiwa 2,500.

2. Usitume 04 mpaka ujue umetengeneza nini. Ukitengeneza vizuri, taa hujizima yenyewe baada ya safari kadhaa nzuri, kwa kawaida tatu.

3. Msimbo ni dalili. P0171 haisemi "badilisha sensa". Inasema hesabu ya hewa na petroli haikubaliani.

4. Usiache adapta imechomekwa usiku. Pini 16 ina umeme muda wote, nayo itakunywea betri polepole. Na zile za blututhi za bei nafuu nyingi zina namba ya siri 1234, kwa hiyo jirani anaweza kuongea na gari lako.

5. Usisome skrini ukiendesha. Mwambie mwenzako aishike laptopu, au hifadhi kwenye faili usome ukifika.

6. Ukienda kununua gari la mkono wa pili, beba adapta. Uliza 0131. Magari yanayolijibu hukuambia kilomita zilizotembewa tangu misimbo ilipofutwa. Kama muuzaji anaapa gari halijawahi kuwa na shida na jibu ni kilomita 6, basi mtu alibonyeza kitufe asubuhi hiyohiyo. Uliza pia 0101, itakuonyesha majaribio ambayo bado hayajakamilika.

Siku hizi fundi hunipigia simu. Akipata gari linalomsumbua ananiambia, "Kuja na ile kitu." Naenda. Yeye anasikiliza kwanza, anasema anachodhani, kisha tunaiuliza kompyuta. Mara nyingi wanakubaliana. Wasipokubaliana, tumejifunza kutomwamini yeyote haraka, si yeye, si mashine, na hasa si mimi.

Mama alipata nafasi nyingine baada ya wiki tano. Safari hii nilimfuata mwenyewe. Tulipopita Kinungi alinionyesha lile jiwe.